Kopo la vidonge elfu moja

Asubuhi ya siku ya kazi, William Street katikati ya Kampala hujaa maboksi. Huu ni mtaa wa dawa za jumla. Famasi zimepangana mlango kwa mlango, nyingine zimejificha ghorofani ambako hufiki bila kuelekezwa, na wapagazi wanapishana ngazini na katoni mabegani huku boda boda zikisubiri chini. Hatua chache kutoka hapo ni Arua Park, yanakopakiwa mabasi na malori ya West Nile na Juba, na mizigo inayokwenda kuvukia Ituri.

Ujirani wa sehemu hizo mbili haukutokea bure. Mfanyabiashara aliyekuja kutoka Aru au Yei kununua vitenge, sufuria na betri hupitia William Street dakika za mwisho, gari likiwa limeshaanza kufungwa turubai. Mkononi ana karatasi aliyoandikiwa na watu wa nyumbani. Kuna dawa ya mgongo ya mama mkubwa. Kuna dawa ya jino ya jirani. Na chini kabisa, kwa wino tofauti, kuna makopo mawili ya mwenye duka la dawa pale sokoni kwao, ambaye safari hii hakuweza kuja mwenyewe.

Kopo lenyewe ni la plastiki, lina mfuniko wa kuzungusha, na ndani yake mna vidonge 1,000. Ndiyo namna ya bei nafuu kuliko zote ya kununua parasetamoli, diklofenaki, ibuprofeni na dawa nyingine za kila siku. Ni jepesi, halivunjiki, na faida yake ukilifikisha ng'ambo ni nzuri kuliko ya sabuni. Kwa sababu hizo hizo, malalamiko mengi ya dawa zisizoeleweka huanza na kopo.

Malalamiko yenyewe yanajulikana na kila anayesafiri njia hizo. Wafanyabiashara wa mipakani ni watu wa maumivu: usiku mzima kwenye kiti cha basi, mzigo kichwani, foleni ya forodha, magoti, kiuno. Wengi wana dawa wanayoiamini. Wanainunua Kampala inawatuliza kabisa, wanainunua tena mwezi unaofuata duka la pili, jina lile lile, na ni kama wamemeza unga wa muhogo. Au kinyume chake: kidonge kile kile safari hii kinawapa kizunguzungu na usingizi hadi wanapitiliza kituo. Hitimisho huja haraka. Kampala wana neno lake, bicupuli, na likishatamkwa mjadala umekwisha.

Mara nyingine hitimisho hilo ni sahihi. Mara nyingi si sahihi, au ni nusu tu. Na kuna wakati ukweli ulikuwa mbaya kuliko chochote ambacho wateja walikuwa wamewaza.

Yaliyotokea Ituri

Desemba 2014, kaskazini-mashariki mwa Kongo, katika eneo la Ituri linalopakana na Uganda, vituo vya afya vilianza kupokea wagonjwa wa ajabu. Shingo zilikuwa zimekakamaa na kupindia upande mmoja, macho yamegeukia juu, taya zimekaza, ulimi unatoka nje bila mwenyewe kutaka. Walikuwemo watu wazima na watoto wadogo. Kwa kuwa shingo kukakamaa ni dalili kubwa ya homa ya uti wa mgongo, hiyo ndiyo iliyodhaniwa kwanza, na katika ukanda ule homa hiyo si jambo la mzaha.

Haikuwa homa ya uti wa mgongo. Miezi ilipita, wagonjwa wakazidi kuja. Hadi Agosti 2015 walikuwa wamehesabiwa 1,029, na 11 kati yao walifariki.

Jibu lilipatikana kwenye mkojo wa wagonjwa na kwenye vidonge vidogo vya njano ambavyo wengi wao walikuwa wamepewa. Viliuzwa kama diazepamu, dawa ya kutuliza ambayo katika vijiji vile ilikuwa ikitolewa kwa magonjwa ya kila aina. Vilipopimwa havikuwa na diazepamu hata chembe. Vilikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili waliozidiwa, ambayo kwa mtu asiyeihitaji, hasa mtoto, inaweza kuifanya misuli ya uso na shingo ijikunje yenyewe. Julai 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa tahadhari kwa nchi zote za ukanda huu.

Diazepamu si dawa ya maumivu. Lakini kwa anayebeba makopo, tukio la Ituri linaeleza jambo ambalo hakuna tangazo la redio lililowahi kulieleza vizuri. Vidonge vile havikuwa chokaa. Vilikuwa dawa halisi, ila ndani ya kopo lenye jina la dawa nyingine. Anayejivunia kutambua feki kwa kukitazama kidonge, kukivunja, kukilamba au kukinusa, asingetambua kitu. Aliyelifungua kopo kijijini hakuwa na namna ya kujua, na yawezekana aliyelibeba pia hakujua. Kila mmoja katika mnyororo ule alikuwa anaamini maandishi ya karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kopo.

Na karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kupotea. Dukani kijijini mwuzaji anahesabu vidonge kumi, anavitia kwenye bahasha ndogo au anavifunga kwenye kipande cha daftari, anaandika juu yake 1x3. Kuanzia hapo kidonge hakina jina, hakina mtengenezaji, hakina tarehe ya mwisho, wala namba ya bechi. Mgonjwa akikakamaa shingo usiku huo, anachoweza kumwonyesha mganga ni kipande cha daftari.

Duni si bandia

Kwa miaka mingi watu waliita kila kitu feki, na sheria nazo zikachangia mkanganyiko. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia iliandikwa kwa namna ambayo dawa halali zisizo na jina la kampuni kubwa, zile za bei nafuu zinazotegemewa na wengi, zingeweza kukamatwa kama bandia. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walikwenda mahakamani, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu mjini Nairobi akakubaliana nao kwamba vifungu hivyo vinahatarisha haki yao ya kuishi na ya kupata matibabu. Kwa mfanyabiashara, funzo la kesi ile ni rahisi: bei ya chini peke yake haifanyi dawa kuwa feki. Diklofenaki ya kiwanda kisichojulikana mjini inaweza kuwa nzuri kama ile yenye jina kubwa, mradi imesajiliwa na imepimwa.

Mwaka 2017 WHO ililiacha neno lililokuwa likichanganya mambo ya alama za biashara na mambo ya afya, na tangu hapo inatenganisha makundi mawili. Dawa bandia ni ile iliyodanganywa kwa makusudi: jina, kiwanda au kilichomo ndani si cha kweli, kama ile ya Ituri. Dawa duni ni ya kiwanda halali, lakini imetoka na kasoro, au imeharibikia njiani au ghalani. Mwaka huo huo WHO ilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba huangukia katika moja ya makundi hayo.

Tofauti hiyo inamhusu moja kwa moja anayesafirisha, kwa sababu dawa nzuri inaweza kuwa duni mikononi mwake. Dawa nyingi za vidonge zinazouzwa ukanda huu zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Kopo lililopakiwa Arua Park mchana, likakaa juu ya basi chini ya turubai jeusi, likalala Arua, likavuka Vurra, kisha likawekwa kwenye rafu chini ya bati lisilo na dari, limepita nyuzi 30 mara nyingi. Parasetamoli huvumilia. Aspirini haivumilii unyevu: ikianza kuharibika hutoa harufu ya siki, na hapo ndipo pua ya mfanyabiashara ina kazi. Kopo la aspirini likifunguliwa na kunuka siki halifai tena, hata kama tarehe ya mwisho bado iko mbali. Vidonge vya rangi vyenye ganda la nje vikishikana au vikipasuka, ganda hilo halifanyi kazi yake.

Ganda lenyewe lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Vidonge vingi vya diklofenaki huvishwa ganda lisiloyeyuka tumboni, ili dawa ifunguke mbele zaidi kwenye utumbo na isiuunguze ukuta wa tumbo. Ndiyo maana vinachelewa. Kuna aina nyingine ya diklofenaki yenye chumvi ya potasiamu, ambayo hufanya kazi mapema zaidi. Na kuna kidonge cha miligramu 100 kinachoachia dawa polepole kutwa nzima. Zote tatu, kwa mwuzaji mwenye haraka, ni diklo. Mteja aliyezoea ile ya haraka akipewa ya polepole ataapa kwamba ameuziwa feki. Akikivunja kile cha polepole ili kimtoshe mara mbili, dawa ya kutwa nzima inamwingia kwa mkupuo. Dawa ni halali, duka ni halali, lakini mteja ameumia.

Kwa tramadoli mambo ni magumu zaidi. Hii ni dawa ya cheti, inapatikana kwa nguvu tofauti, na mwilini inategemea ini liigeuze kuwa kitu chenye nguvu zaidi. Wapo watu ambao ini lao huigeuza haraka mno, na hao hulewa kwa kiasi ambacho mwingine hakimsumbui. Wapo ambao ini lao ni zito, nao hawapati nafuu hata kidogo. Watafiti wamekuta kwamba kundi la haraka ni kubwa kati ya watu wa Ethiopia kuliko kati ya watu wa Ulaya ya Kaskazini. Kwa hiyo ndugu wawili wanaweza kumeza kidonge kutoka karatasi moja, mmoja akalala kama mfu, mwingine akaendelea kulalamika, na kidonge kikawa hakina kosa lolote. Aliyelala namna hiyo apelekwe hospitali, maana tramadoli ikizidi hupunguza pumzi.

Biashara ya tramadoli ina upande wake wa giza pia. Afrika Magharibi imeumizwa na vidonge vya maumivu vilivyotengenezwa kwa ajili ya kulevya, si kutibu. Februari 2025 India ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji nje wa mchanganyiko wa tapentadoli na karisoprodoli, baada ya uchunguzi wa BBC kuonyesha vidonge hivyo vikiuzwa mitaani Ghana, Nigeria na Ivory Coast. Mchanganyiko huo haukuwa na kibali cha matumizi popote duniani. Uganda hununua sehemu kubwa ya dawa zake nje, na India ndiyo muuzaji mkuu, kwa hiyo mlango uliofungwa upande mmoja wa bara si habari ya mbali kwa William Street.

Soko moja, rejesta nyingi

Mfanyabiashara wa mahindi au vitambaa amezoea kusikia kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ni soko moja. Kwa bidhaa zilizo kwenye orodha, shehena isiyozidi dola 2,000 hupita kwa utaratibu mwepesi wa wafanyabiashara wadogo na cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Wengi hudhani kopo la dawa linapita humo humo. Dawa ni habari nyingine. Thamani yake hata ikiwa dola 50, kuiingiza au kuitoa kwa biashara kunahitaji kibali cha mdhibiti wa dawa, na kibali hicho hupewa mwenye leseni ya biashara ya dawa.

Kila nchi ina mdhibiti wake. Uganda ni Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Tanzania Bara ni TMDA, ambayo hadi 2019 ilijulikana kama TFDA. Rwanda na Kongo nazo zina mamlaka zao, changa zaidi. Machi 2012, mjini Arusha, nchi za Jumuiya zilizindua mpango wa kuoanisha usajili wa dawa, na tangu hapo wataalamu wao wamekuwa wakikaa pamoja kupitia mafaili ya watengenezaji. Mpango huo umepunguza kazi ya kurudia. Lakini cheti cha usajili bado hutolewa na kila nchi peke yake. Dawa iliyosajiliwa Nairobi inaweza kuwa haramu Kampala, na ya Kampala ikawa haramu Bunia, hata kama imetoka kiwanda kimoja siku moja. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, ila hilo halikuifanya rejesta ya Kampala itambulike Kasindi.

Kuna jambo dogo la lugha ambalo maofisa hawalizungumzii sana. Mteja wa Bunia au Butembo anasoma Kifaransa na Kiswahili. Kopo la Kampala limeandikwa Kiingereza. Onyo la kutotumia dawa hii ukiwa na vidonda vya tumbo, shida ya figo au mimba kubwa limo, kwa herufi ndogo, katika lugha ambayo wala mwuzaji wala mgonjwa haisomi.

Wahalifu hawajawahi kungoja kuoanishwa. Ndiyo maana kuanzia 2008 polisi wa kimataifa, Interpol, pamoja na polisi, forodha na wadhibiti wa dawa wa Uganda na Tanzania, kisha Kenya, na hatimaye Rwanda na Burundi, walifanya misako ya pamoja iliyopewa jina la Mamba. Kilichopatikana hakikuwa feki pekee. Zilikuwemo dawa za serikali zilizoibwa kwenye hospitali za umma. Uganda huzipiga muhuri dawa hizo kuonyesha kuwa ni mali ya serikali na haziuzwi, na muhuri huo mara nyingine umo kwenye kidonge chenyewe. Mwenye duka anayezipunguzia bei nusu hafanyi hisani. Anayekutwa nazo mpakani ndiye anayeulizwa, na jibu la kwamba ametumwa na jirani halijawahi kumsaidia mtu.

Ndani ya Kampala kwenyewe, sheria ya Uganda inagawa dawa katika madaraja matatu. A ni dawa za kulevya zinazodhibitiwa, kama mofini. B ni dawa za cheti zinazotakiwa kutolewa chini ya mfamasia. C ni zile za kawaida ambazo duka dogo la dawa linaruhusiwa kuuza. Kwa vitendo mipaka hiyo huvukwa kirahisi kuliko ya Busia. Duka dogo lenye leseni ya C huuza tramadoli chini ya meza, bila cheti na bila risiti, na mteja huona amerahisishiwa maisha. Haoni kwamba dawa iliyouzwa chini ya meza huenda ilinunuliwa chini ya meza pia.

Dawa kali

Mjini Kampala hapo hapo kuna dawa ya maumivu ambayo haileti malalamiko haya, nayo ni kali kuliko hizo zote. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda kwa ajili ya wagonjwa wa saratani na wengine waliokuwa wakifa kwa maumivu bila msaada. Makao yake yako Makindye. Mofini ya maji huchanganywa kutoka kwenye unga, hutiwa rangi ili nguvu moja isichanganywe na nyingine, na hujazwa kwenye chupa za plastiki. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni ili wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa huduma hiyo waruhusiwe kuiandika, hatua ambayo nchi nyingine za Afrika zilikuja kuitazama kama mfano. Tangu 2011 taasisi hiyo huitengeneza kwa makubaliano na serikali kwa ajili ya nchi nzima. Mgonjwa haichangii hata shilingi.

Mofini ni dawa ambayo kila mtu anaiogopa, na pengine ndiyo sababu njia yake inajulikana hatua kwa hatua: unga ulioagizwa kwa kibali, mahali pamoja pa kuchanganya, daftari la kila chupa iliyotoka, jina la kila aliyepokea. Diklofenaki haiogopwi na mtu. Hupita mikono mitano kati ya kiwanda na mgonjwa, na mitatu kati ya hiyo haina daftari.

Wagonjwa wa saratani wanaotoka Sudan Kusini na Kongo kuja kutibiwa Mulago huondoka wakiwa na swali la chupa hiyo. Mgonjwa anayebeba mofini yake mwenyewe anapaswa kuwa na barua ya daktari na cheti chenye jina lake, kiasi na muda, na aulize masharti ya nchi anayokwenda kabla ya kufika mpakani. Mfanyabiashara asikubali kuibeba kwa niaba ya mtu, hata akiombwa na nani. Hiyo si bidhaa.

Karatasi kabla ya kopo

Wanaofanya biashara hii kwa leseni wamekwishajua kwamba ulinzi wao uko kwenye karatasi. Leseni ya NDA hubandikwa ukutani na huisha kila tarehe 31 Desemba, kwa hiyo mwaka ulioandikwa pale unasomeka hata na mwenye haraka. Rejesta ya dawa zilizosajiliwa Uganda inapatikana kwenye tovuti ya mamlaka hiyo, na jina la dawa huweza kutafutwa kwa simu ukiwa umesimama kaunta. Risiti nzuri ina jina la dawa, nguvu yake, mtengenezaji, namba ya bechi na tarehe ya mwisho. Risiti iliyoandikwa tu "dawa, makopo 2" ni risiti ya sabuni.

Thamani ya namba ya bechi ilionekana Aprili 2024. Nigeria ilitangaza kwamba imekuta kemikali yenye sumu katika dawa ya kikohozi ya watoto iliyotengenezwa Afrika Kusini. Ndani ya siku chache Kenya, Tanzania na Rwanda nazo ziliagiza dawa hiyo iondolewe madukani. Mtengenezaji baadaye alisema vipimo vyake havikuiona kemikali hiyo. Lakini katika siku zile za wasiwasi, kati ya mwenye duka aliyekuwa na namba na asiyekuwa nayo, mmoja alilinganisha tarakimu akajua la kufanya, na mwingine alibaki akiitazama rafu yake.

Hakuna namba ya bechi inayozuia mhalifu kubandika karatasi ya uongo, na Ituri ilionyesha hivyo. Kazi yake ni nyingine: watu wakianza kuugua, inawezekana kurudi nyuma kutoka kwa mgonjwa hadi dukani, kutoka dukani hadi kwa mbebaji, na kutoka kwa mbebaji hadi mlango fulani wa William Street, kabla wagonjwa hawajafika elfu. Mwenye duka kijijini anaweza kuanza leo bila kungoja Arusha: kunakili namba ya kopo kwenye bahasha ya kila mteja, na kulitunza kopo tupu hadi vidonge vyake vya mwisho vimetumika. Wino hauna gharama kubwa.

Mjini, saa kumi na moja jioni, ndipo jambo hilo huwa gumu. Kaunta imejaa, mwuzaji amechoka, na risiti ameshaichana kitabuni. Mnunuzi anamrudishia na kumwomba aongeze namba ya bechi. "Nnyabo, dawa ni ile ile," mwuzaji humwambia. Akiona haondoki, hulishusha tena kopo kutoka kwenye katoni, hulielekeza kwenye taa, na kuanza kuandika tarakimu moja moja, huku upande wa Arua Park kondakta akipiga kelele kwamba gari linaondoka.